Meno ya Kaure na Uongo wa Makaa

Kosa ni langu, msinitafutie kisingizio. Mimi ni mwanamke muongo, mwenye majivuno ya kijinga, na majivuno hayo yamemwumiza mtu wa tumbo moja na mimi.

Nauza vitenge sokoni Kasongo. Safari moja nilipofuata mzigo Bujumbura, niliingia kwa daktari wa meno. Alinipunguza kidogo meno sita ya mbele, akabandika juu yake vigae vyembamba vya kaure. Weupe wake, mama wee!

Daktari alinionya taratibu. "Mama, tumia mswaki laini. Ukinywa kahawa, sukutua na maji. Usisugue na makaa, majivu wala mchanga. Kaure haishiki doa upesi, lakini ukiikwaruza, uchafu unaingia na hautoki tena."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kumbe masikio yangu yalikuwa ya kuning'inizia hereni tu!

Kurudi Kasongo, kila mtu akauliza siri yangu. Bibi mkubwa wa soko kama mimi aseme amenunua meno? Nikawajibu, "Ni makaa na chumvi, basi. Ninyi muko wavivu!" Na ili waamini, kila asubuhi nikasimama barazani mbele ya majirani, nasugua makaa, mdomo mweusi kama sufuria ya msiba. Mpumbavu gani huyo! Naharibu kitu changu mwenyewe ili kulinda uongo wangu.

Mdogo wangu Mwajuma, mkulima wa kule Wamaza, akaja kunitembelea. Meno yake yana rangi ya udongo tangu utoto, lakini mazima, yanavunja mfupa. Nikamcheka mbele ya wateja.

"Mutu mzima, mdomo kama shimo la dhahabu la Salamabila! Sugua na wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akainama, akauliza kwa sauti ndogo, "Yaya, dada yangu mkubwa, mara ngapi kwa siku?"

"Tatu. Kwa nguvu!"

Miezi ikapita. Kaure yangu ikapoteza mng'ao, kisha kahawa ikachora mistari ya kahawia kandokando. Nikasugua zaidi. Ikazidi!

Ndipo Mwajuma akafika kwa pikipiki, shavu limevimba. Fizi zimechubuka, meno yamelika, hata maji ya mtungi yanamliza.

"Yaya, nakosea wapi? Chumvi iko kidogo?"

Hapo nikaishiwa uongo. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Afadhali angenizaba kibao! Alinitazama mdomoni, akasema, "Yako ikiharibika, utanunua ingine. Yangu mimi nitatoa wapi?"

Nilimwomba twende wote Bujumbura kwa yule daktari, akakataa. Alikwenda na mume wake hospitali ya hapa hapa mjini, wakamng'oa meno mawili. Mawili ambayo hayakuwa na ugonjwa wowote kabla ya ushauri wangu! Sasa akija Kasongo anafikia kwa jirani, na mimi nasikia kwa watu kwamba alikuwepo.

Na wewe unayejichekesha kwenye simu na meno ya kubandika, ukiwadanganya wasichana kwamba ni kusugua ndimu tu, unanichefua, kwa sababu nakujua vizuri sana, kama ninavyojijua mimi. Shika mswaki laini, sukutua baada ya kahawa, makaa yaache jikoni. Na mdogo wako akikuuliza umefanya nini, jibu: daktari. Neno moja tu! Lilinishinda mimi, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote sokoni.