Jukwaa Lililopiga Goti Bila Mtu Juu Yake

Wadau, nimezunguka Isan yote, huku kaskazini-mashariki mwa Thailand, na vikundi vya ngoma za molam tangu nikiwa na meno yangu mwenyewe. Jukwaa kupiga goti lenyewe, hilo nililiona mara moja tu.

Ilikuwa alasiri, kwenye uwanja wa hekalu, kijiji kimoja nje ya Roi Et.

Jukwaa letu ni tela. Unalifungua ubavu, linakuwa ukumbi. Chini lina miguu minne ya kulishikilia.

Miguu hiyo bosi Wirot aliinunua chakavu kiwandani. Silinda za upepo. Wasichana wetu wa kucheza wakiruka tu, jukwaa linadunda kama godoro.

Basi bosi akaja na akili mpya. Akatoa upepo, akajaza mafuta ya haidroli, akayasukuma kwa pampu ya jeki. Jukwaa likawa gumu kama saruji. Akatamba!

"Mafuta hayabonyei, Mjomba Khamsing!"

"Kweli hayabonyei," nikamjibu. "Ndiyo maana yatatafuta pa kutokea. Hizi ni silinda za upepo, bosi. Sili zake, hiyo mipira ya kuzuia kuvuja, haziwezi mzigo huu."

"Mzee, wewe endesha lori."

Haya.

Nimekaa zangu nakula wali wa kunata na kuku wa kuchoma, nikasikia fyiiii. Kona ya kushoto ikashuka taratibu, kama nyati anayetaka kulala. Ikasimama hapo. Mafuta yanachuruzika mguuni.

Na juu hakuna mtu.

Bosi akakimbia, akapampu, kona ikapanda. Akafuta mafuta kwa kitambaa cha kiunoni. "Sinia la walimu limeshatolewa. Mtu asifungue mdomo."

Kwetu ndivyo. Mizimu ya walimu wa ngoma ikishapewa sinia la maua na mishumaa, kulisema jukwaa vibaya ni kuita mkosi. Ukisema litaanguka, likianguka ni wewe.

Nikasema. Kwa sauti.

"Litaanguka."

Wasichana wakashika vichwa. "Mjomba! Futa hilo neno!"

"Sifuti. Mifupa itakayovunjika ni yenu."

Lamduan, mwimbaji wetu, mdomo wembe, yeye hakushika kichwa. Alikuwa anaitazama pikapu ya bosi. Sinia la walimu lilikuwa kwenye boneti. Siku zote bosi hulipandisha mwenyewe mpaka katikati ya jukwaa.

"Kaka Wirot, mbona leo walimu wamekaa kwenye gari?"

"Jua kali huko juu."

"Na hapo kwenye boneti kuna kivuli?"

Mtu akacheka puani.

"Lipandishe basi, kaka. Sisi sote tunakufuata nyuma."

Bosi akainama kukagua tairi la pikapu.

"Ahaa." Lamduan akavua buti zake za kung'aa, akazitupa. "Leo tunacheza chini, mbali na hili dude. Anayeogopa vumbi akalale."

"Nitakata posho zenu!"

"Kata na nywele, kama zitakufaa."

Wakacheza chini. Mabibi wa kijiji, ambao siku nyingine huishia kutazama, wakaingia katikati, wakawafunika wasichana kwa kiuno.

Sasa mnasubiri niwaambie jukwaa lilianguka saa ngapi.

Halikuanguka. Lilisimama mpaka asubuhi.

Bosi akanijia anacheka. "Umeona, mzee mkosi? Limesimama! Chukua kibegi chako, potea."

"Naenda. Ila lishushe kwanza, nikuone. Kwa mkono wako."

Kulishusha lazima uchuchumae chini ya tela, ufungue valvu.

Akalitazama tela. Akanitazama. Wasichana wote macho kwake.

Akaenda kutafuta mwanzi mrefu kuliko yote pale hekaluni. Akajibanza nyuma ya pikapu, akanyoosha shingo, akaanza kuuchokoa mpini wa valvu kwa ncha.

Lamduan alicheka mpaka akakaa chini. Hata watawa waligeuza nyuso.

Mimi nikabeba kibegi changu. Sikuomba msamaha, na leo nikiulizwa nitasema vilevile: litaanguka.

Mtu akikwambia mahali ni salama, usihangaike na maneno yake. Angalia yeye mwenyewe amesimama wapi.