Taulo la mwimbaji

Bendi niliyoipenda ikipiga Bunda, nilikuwa nakaa nyuma peke yangu kwa aibu. Siku moja mwimbaji alijifuta makwapa kwa taulo, akawarushia mashabiki kama kawaida yake. Likaangukia sahani yangu ya ugali na samaki sato. Lilinuka jasho na pombe, na maji yake yakachuruzika kwenye ugali. Mashabiki wakaligombea, mmoja akalibusu!

Dada mmoja wa Makoko, kule Musoma, nisiyemjua, akaisukuma ile sahani.

"Mdogo wangu, usile uchafu huo! Njoo tule changu."

Tangu hapo tunaifuata bendi pamoja, Musoma hadi Butiama. Yule mwimbaji bado ananitia kinyaa. Akishika taulo tu, dada hupiga kelele, "Funika!" Nami hufunika sahani zetu mbili.