Walimpa Mwingine Jua Langu Siku Tunamzika Baba

Nilipoteza Jua Jumamosi ileile tuliyokuwa tunamzika baba yangu kijijini Mlali. Si jua la angani, nitaeleza. Naomba jina langu mlifiche gazetini kama mnavyowafichia wengine, maana Dodoma hii watu tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nimeachika, watoto wangu wawili wako shule za bweni. Nilikuwa karani kwenye shirika la umma hadi walipotupunguza. Wenzangu wengi walirudi makwao kulia. Mimi kiinua mgongo changu nilikitia kwenye mashine ya kusaga, na serikali iliporuhusu biashara huria nikaongeza ya kukoboa. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini ikifika jioni, nyumbani ni mimi na redio. Wateja wananiita "mama mashine", wakishapata unga wao wanaondoka.

Dina ndiye aliyenitoa ndani. Ni jirani yangu, mpiga chapa kwenye ofisi moja ya serikali. Nilipougua malaria alinikanda na kuninywesha uji kama mdogo wangu wa tumbo moja. Siku moja akaniambia, "Dada, utaota ukungu humo. Twende ukarushe visahani."

Mchezo huu aliuleta mwalimu mmoja Mzungu wa kujitolea, akaondoka akatuachia. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kitue kwenye tenga la chuma lililosimamishwa juu ya nguzo. Anayemaliza matenga yote kwa mirusho michache ndiye mshindi. Tuko kumi na wawili, na kila mmoja ana kibao cha mbao anachoning'iniza kwenye mfuko wake. Cha kwanza ni Jua, cha pili Mwezi, zinafuata sayari zote, cha mwisho kabisa ni Kimondo. Kila Jumamosi tukimaliza, vibao vinagawiwa upya kwa matokeo ya siku hiyo. Mwenye Jua anaamkiwa na wote, hata na mwenyekiti wetu Mwalimu Lukas, mtu mzima kuliko mimi. "Shikamoo, Jua!" Nami najibu, "Marahaba, endeleeni kuzunguka!" Watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mtasema ni utoto. Sawa. Lakini nililishika Jua wiki saba mfululizo, tena kwa hesabu, si kwa bahati, na wiki hizo saba nilikuwa na mahali pa kufika watu wakafurahi.

Tuna sheria moja. Mwenye udhuru akitoa taarifa, kibao chake kinalala, hakiguswi. Akikosekana kimya, kinachezewa, naye anapewa Kimondo.

Habari ya baba ilinikuta mashineni siku ya Alhamisi. Kabla ya kupanda basi nilipita kwa Dina. "Waambie wenzetu. Tunazika Jumamosi." Tukalia pamoja. Akasema, "Nenda dada, nitawaambia wote."

Kule Mlali nilimwambia mama mdogo aongeze sufuria la wali, wageni wangu wa mjini wanakuja. Kila gari lililotimua vumbi nilisimama kuangalia. Tukazika. Jioni shangazi akaniuliza mbele ya watu, "Hao wenzako wa visahani wamepotelea wapi? Au unachezaga peke yako?" Wali wao ulilala, kesho yake tukawamwagia kuku.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani na kitenge changu cha msibani. Mwalimu Lukas akanipokea kwa kicheko. "Jua gani linazama wiki nzima bila kuaga? Karibu, Kimondo!" Wakaangua kicheko wote. Hakuna aliyesema pole. Nikamtazama Dina. Jua lilikuwa linaning'inia kwenye mfuko wake. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nilipokea Kimondo, nikasubiri aseme mwenyewe. Mpaka leo ninapoandika, watu hawa hawajui kwamba nimefiwa.

Kesho yake Dina alikuja kwangu akitoka kanisani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Ningewaambia, wangeacha mchezo waje msibani," alisema. "Na siku ile mkono wangu ulikuwa mwepesi tangu asubuhi. Nilijua nitashinda."

"Kwa hiyo baba yangu alikufa kukusaidia."

"Usiseme hivyo, dada. Wewe una mashine, una nyumba. Mimi ofisini hata chai naletewa ya mwisho. Nilitaka waniamkie japo mara moja."

Kisha akaniomba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atarusha ovyo makusudi ili nilichukue Jua langu, mradi nisimwambie Mwalimu. "Wakijua nilificha msiba, uso wangu nitauweka wapi?"

Jua la kupewa silitaki. Nikisema ukweli, nitapata pole za watu kumi na kumpoteza mmoja, yule pekee anayejua njia ya kuja kwangu. Nikinyamaza, huyo mmoja ninaye, lakini kila akiingia nitamwona amesimama njiani akiwazuia wageni wa baba. Hesabu hii nimeipiga kila upande, inanigomea. Na mashine zikizimwa jioni, sina wa kumuuliza. Niliyekuwa namuuliza mambo yangu ni yeye.

Wasomaji, msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia. Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi Dina amesema atanigongea saa nane mchana twende pamoja kama zamani. Gazeti hufika hapa Alhamisi. Nijibuni katika toleo la kabla ya siku hiyo: nimfungulie ninyamaze, au nitangulie uwanjani nikaseme? Nataka moja kati ya hayo mawili, na nilipate kabla hajagonga.