Mwizi Hana pa Kuketi

Mize wa Vitongoji alifungwa kwa karafuu za magendo. Zilikutwa uvunguni mwa kitanda chake, na mumewe Hafidh, aliyeziweka, akasema hazijui. Talaka ilimfuata gerezani. Alipotoka alimkuta binti yake Ruweida yuko kwa mama yake Hafidh, Bi Kazija, naye ameapa kuwa mwizi hatamlelea mjukuu wala hatakanyaga kizingiti chake.

Basi walipokuja mabinti wa chuo kutafuta waimbaji wa mchezo wa jukwaani, mchezo wa nyimbo juu ya maisha ya wanawake gerezani, Mize hakubembelezwa. Shule ya Ruweida ilikuwa imealikwa. Alichotaka ni mwanawe amsikie kwa masikio yake, bila mkalimani.

Ruweida alikuja. Bi Kazija naye alikuja, wakakaa mstari wa mbele.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mize alipoimba maneno ya majirani wanaomsema mfungwa aliyetoka:

*Mwizi hana pa kuketi, kila mlango hufungwa.*

Mabinti wa chuo walikuwa wameutia ubeti ule mahadhi ya taarabu, wakasahau wako Pemba, ambako mtu huinukia ubeti wa taarabu kumrushia hasimu wake. Bi Kazija aliinuka, mkono juu, mabega yakicheza, akaenda taratibu mpaka chini ya jukwaa, kidole kimemwelekea Mize. Vigelegele vikapasuka. Mchezo ukawa umekwisha, imebaki taarabu.

Mtu akiinukia ubeti, mwimbaji huurudia mpaka aliyeinuka aridhike. Akiketi nao bado unaimbwa, kashindwa. Mize akaurudia. Akaurudia tena.

“Imba, mwizi we,” alisema Bi Kazija. “Imba ukaukwe.”

“Bi Kazija, mwenzio ana pumzi za jela,” mwanamke mmoja alimchokoza kutoka nyuma, ukumbi ukacheka.

Binti wa chuo alimnong'oneza Mize kutoka nyuma ya pazia aingie ubeti wa pili, bibi wa watu anaumwa magoti. Mize alijibu kati ya pumzi mbili kuwa hakuna aliyemsimamisha. Akaushusha mwendo, maana kucheza polepole ndiko kunakotesa miguu. Jasho lilimtiririka Bi Kazija hadi kidevuni. Goti moja likakunjika, akashika ukingo wa jukwaa, mkono mwingine bado uko juu. Kicheko kikafa. Mize akaimba.

Ruweida akaondoka kitini, akaja mbele. Mize alidhani anamjia yeye, akaacha kuimba. Lakini msichana alimshika bibi yake kwapani, akamsimamisha, ndipo akainua uso.

“Kila siku nikimwambia bibi anakusingizia,” alisema. “Kumbe ndivyo ulivyo.”

Wakatoka kwa mlango wa pembeni, Bi Kazija akichechemea bila kuketi.

Wapigaji ala walirudi kwenye mahadhi, wakamngoja Mize. Ubeti wa pili ulikuwa wa mama anayemwita mwanawe, na ndio aliokuwa ameujia. Alifungua kinywa, akatazama viti viwili vitupu, akakifunga.