Mahadhi na Baraza la Kisima

Mahadhi bin Uweis wa Mambrui alikijua Kihispania kuliko mtu yeyote wa upande ule wa mto Sabaki, naye alikijulia mapokezini, katika hoteli moja ya Malindi alikotumika miaka kumi na tisa. Hoteli ilipofungwa alirudi kwao kushona kanzu, akaja na kitabu kikuukuu alichoachiwa na mgeni mmoja, mzee wa Navarra aliyezoea kuilaani serikali ya Madrid mpaka chai ikampolea mkononi.

Kitabu kilieleza fikra za Wahispania walioshika mila. Taifa, walisema, si umati uliopangwa mbele ya serikali. Ni familia, mitaa, vyama vya mafundi na miji, kila kimoja na sheria zake za tangu jadi, na mfalme alitakiwa aape kuziheshimu kabla ya kutiiwa. Mahadhi alisoma huku cherehani imenyamaza, akahisi ni Mambrui inayosemwa.

Kwa hivyo maofisa walipotaka kukifukia kisima cha mtaa, ni yeye aliyewakusanya wazee, akaunda baraza na kuliandikia katiba kwa mkono wake. Sentensi ya kwanza ilisema, "Mtaa ni mkongwe kuliko serikali." Maofisa walibishana wee, wakachoka, wakenda zao. Mwaka mzima Mahadhi alitembea kifua mbele.

Lakini baraza lilikuwa limeonja utamu wa kuamrisha. Awadh, mwenyekiti, akawa hamalizi neno bila ya kusema "mila yetu". Wanawake, ambao ndio wachotaji, walikatazwa kusema barazani. Kisha siku moja, katikati ya sinia la pilau, Mahadhi aliyekuwa katibu akaambiwa aandike barua ya kumwondoa Ndinda, mjane wa Kikamba aliyepika mbaazi na mahamri kando ya kisima miaka ishirini na miwili.

"Andika kwamba si mwenyeji," Awadh alisema, akifyonza mfupa. "Tia na yale maneno yako ya kitabuni. Yanaingia vizuri."

Mahadhi alimjibu kwamba katika miji mingi ya hao Wahispania, mtu aliyekaa mwaka na siku, akawasha moto wake na kubeba mizigo ya mji pamoja na wenziwe, alihesabiwa jirani mwenye haki.

"Basi wao hawakuwa na mila," alisema Awadh.

Wazee walicheka, punje za wali zikiwaruka midomoni. Mahadhi alitazama ndevu zinazong'aa mafuta, akainuka bila kunawa.

Barua iliandikwa na mwingine, ila ilifunguliwa kwa sentensi yake yeye, neno kwa neno. Wiki haikwisha, pale pa Ndinda pakasimama kibanda cha soda cha Muzammil, mwanawe Awadh.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Mahadhi alisimama uani mwa msikiti akasema wazi kibanda ni cha nani, na mila ilitumiwa kufunika nini. Watu waliangalia makubadhi yao.

Alimfuata Ndinda Kisumu Ndogo, Malindi, alikohamia. Akamwomba radhi, akaahidi kupigania arudishwe.

"Mzee Mahadhi," Ndinda alisema, "niliposomewa ile barua nilijua maneno ni yako hata kabla jina langu halijafika."

Hakusema kwa hasira. Kurudi, alisema, hakutaka. Siku aliyofika hapa wapishi wenziwe walisogeza majiko yao akapata nafasi, wala hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Njiani kurudi Mahadhi alijichukia kuliko alivyomchukia Awadh. Awadh alikuwa mwizi tu, na mwizi hutumia ufunguo aliopewa.

Ukatibu aliuacha. Maji sasa huyafuata mtaa wa pili, dumu begani, na umri ule. Wazee wa baraza wakimtolea salamu huitikia, maana kuitikia salamu ni wajibu. Mkono hawapi.