Fundi wa Kromu Aliyetengwa kwa Ulevi

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, nami nilikuwamo. Nilikuwa maabara, nikipima rangi na dawa. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba, redio na vipuri vya magari vilimiminika Mwanza, na wengi waliotoka viwandani walifungua karakana popote penye bati na umeme. Baada ya kukaa nyumbani muda mrefu nilipata kazi kwenye mradi mdogo wa kuwatembelea mafundi wanaopaka vyuma kromu. Nilitakiwa kuwashawishi waache dawa waliyokuwa wakitolea grisi.

Dawa yenyewe ilikuja kwa mapipa kutoka ng'ambo, nyeupe kama maji, yenye harufu tamu. Chuma kikichovywa humo kinatoka kikavu, bila alama ya mafuta. Mafundi waliipenda. Lakini mvuke wake unalewesha, na anayeuvuta kila siku unamla ini na mishipa ya fahamu taratibu.

Karakana ya kwanza niliyoingia ilikuwa Igoma, nyuma ya duka la vipuri. Mwenyewe nilimfahamu, alikuwa fundi mitambo kiwandani kwetu, mtu wa kucheka, mwanakwaya. Nilimkuta ameinama juu ya pipa la dawa lililopashwa moto kwa koili ya umeme, katika chumba kisicho na dirisha. Alinisalimia, akanyamaza, akanisalimia tena. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Siku hizi unakunywa?" nilimuuliza.

Akakaa juu ya kreti tupu. "Hata wewe, dada?"

Ndipo aliponieleza. Kila jioni alikuwa akirudi nyumbani akiyumba, majirani wakaona, habari zikafika kanisani. Wazee wa kanisa wakamtenga: hakuna meza ya Bwana, hakuna kwaya. Mkewe alivumilia, mwishowe akachukua watoto na kurudi kwa wazazi wake, karibu na Bujora.

"Sijawahi kuonja hata togwa iliyolala ikachacha," alisema. "Nimeapa, hakuna anayeniamini. Siku nyingine hata mimi najiuliza, labda nakunywa nasahau."

Nilimwonyesha lile pipa. "Kinachokulewesha ni hiki."

Nilidhani atafurahi. Alilitazama pipa, akasema, "Kwa hiyo nimelinunua mwenyewe."

Tulianza na magadi, sabuni ya unga, maji ya moto na brashi. Bampa la kwanza lilishika kutu kabla halijafika kwenye nikeli, inayotangulia kromu, na kromu yake ikabanduka kama ganda la yai. Mwenye gari alifoka hadi watu wakakusanyika.

"Dada, utaniua kwa njaa," aliniambia mteja alipoondoka.

Polepole tulijifunza. Chuma kikishasuuzwa kisiachwe kikauke, kiende kwenye nikeli kikiwa kibichi. Maji yakitanda juu yake kama shuka, grisi imetoka. Yakijikusanya matone matone, rudia kusugua. Tulitoboa ukuta tukaweka dirisha. Baada ya muda ulimi wake ukawa mwepesi, na jioni alitembea wima barabarani, watu wakimtazama. Mafundi wengine walikuja kuona. Wachache walibadili. Wengi walisema kuchemsha maji na kusugua kunawachelewesha, na dawa ya mapipa inapatikana kila duka.

Nikaenda naye kwa wazee wa kanisa, nikiwa na dawa kidogo kwenye chupa. Niliwaeleza yote. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu, alinusa, akafunga kizibo haraka.

"Tumekuelewa, mama," alisema. "Ila ulevi ni ulevi, uwe wa pombe au wa dawa. Apige magoti mbele ya usharika, atubu, tumrudishe kundini. Ni jambo dogo."

"Nitubu nini, mzee?" fundi aliuliza.

"Ulevi wako."

"Nilikuwa kazini."

"Basi tubu tu, mwanangu, yaishe."

Alitikisa kichwa. Njiani hata mimi nilimbembeleza apige magoti. Hakunikasirikia. "Nikipiga magoti," alisema, "wanangu watakua wakijua baba yao alikuwa mlevi."

Nilikwenda mwenyewe kwa mkewe. Nilimkuta uani anachambua pamba na mama yake. Aliposikia habari ya lile pipa, mikono yake ilisimama ndani ya pamba. "Nilimtukana mbele ya watoto," alisema. Juma lile lile akarudi Igoma.

Alimkuta mumewe ana akili timamu na macho ya manjano. Tumbo lake lilikuwa limeanza kujaa maji, ini lilikwisha kuliwa. Hospitalini, daktari aliuliza walichouliza wote: "Alikuwa anakunywa sana?"

"Hanywi," mke alijibu. "Hajawahi kunywa. Andika hivyo hivyo." Akasimama pale mpaka daktari akaandika.

Fundi alifariki mvua za vuli zilipoanza. Kwa kuwa alikuwa bado ametengwa, mchungaji hakuja. Wanakwaya walikuja mmoja mmoja kama majirani, bila sare, wakakaa kwenye mkeka na mfiwa. Mjomba wa marehemu aliomba kwa Kisukuma, maneno machache. Yule mwalimu mstaafu alikuja peke yake, akatupa udongo kama sisi wengine, kisha akanisogelea.

"Mama, si angepiga magoti tu?" alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani alitaka nimjibu chochote.

Mjane aliuza birika za nikeli na kromu kwa fundi mwingine. Pipa la dawa alikataa kuliuza, ingawa wanunuzi walilitaka. Aliniuliza pa kulimwaga pasipo na mtu wala ng'ombe wala maji ya ziwa. Nami, niliyeajiriwa kuwaachisha mafundi dawa hiyo, sikuwa na mahali pa kumwonyesha.