Mama wa Mwanakondoo Namba Kumi na Nne

Watu wa Gashonga walishazoea kumwona Béatrice Mukankusi, kila Jumanne asubuhi kabla zizi halijafunguliwa, akimtia mwanakondoo ndani ya mfuko wa kitambaa, akiutundika mfuko kwenye mizani iliyofungwa juu ya boriti, huku akimbembeleza mnyama asitikisike.

"Tulia, papa, tulia kidogo. Ni kilo tu nataka, sikuchinji."

Jirani yake, Mzee Ntabaza, aliyekulia enzi ambazo mwanamume wa Kinyarwanda hakugusa nyama ya kondoo, hakuacha kumtania. "Maman Béa, unapima kitu yenye hatutakula?"

"Napima akili yao, Mzee. Yako pia ningeipima, lakini mizani hii haionyeshi chini ya kilo moja."

Mukankusi alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akaacha shule darasa la tatu, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, na daftari lake la uzito lilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kuandika ambacho mtu mwingine alikihitaji. Mtu huyo alikuwa Gisa, mtafiti kijana wa mifugo. Alitaka kujua kwa nini wanakondoo wa kienyeji, wa Dorper, ile aina ya kigeni inayonenepa haraka, na machotara wao hukua kwa kasi tofauti, na ni kiasi gani cha tofauti hiyo hutoka katika damu ya wazazi. Kwa kila mwanakondoo alichora mstari wa uzito katika kompyuta yake: hupanda kwa haraka wiki za mwanzo, kisha hulegea na kulala kadiri mnyama anavyokomaa.

Jumanne ya wiki ya ishirini Gisa alifika na uso mzito.

"Maman, kondoo namba sita alizaa tarehe tatu?"

"Ndiyo. Mapacha."

"Akazaa tena tarehe kumi na mbili?"

"Weye! Kondoo gani anaweza hiyo?"

"Huyu wako. Umeandika mwenyewe." Akamwonyesha safu yenye neno Mama. Mwanakondoo namba kumi na nne, wa tarehe kumi na mbili, mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe, Dorper mtupu, alikuwa ameandikiwa mama namba sita, wa kienyeji, wa kahawia, mwenye mkia mnene.

Mukankusi akacheka. "Ah, ule! Alizaliwa na namba mbili. Namba mbili akakosa maziwa, akamukataa. Nikamupaka chumvi mgongoni, namba sita akamulamba, akamukubali. Namba sita njo mama yake."

Gisa hakucheka. "Wako wangapi wa namna hiyo?"

"Batano."

Kijana akaketi juu ya ndoo. Akamweleza taratibu kwamba hesabu yake yote imesimama juu ya nani kamzaa nani. Mzazi akikosewa, damu imekosewa. Takwimu zilitakiwa kupelekwa kwa wakubwa wake kesho yake, na kundi zima la Gashonga, wanakondoo thelathini na mmoja, lingebaki nje.

Kicheko kikafutika usoni mwa Mukankusi. Wiki ishirini za kupima, hata zile za mvua!

"Uliniuliza mama, nikaandika mama," alisema. "Miye, mwenye alinizaa sikumujua hata sura. Aliyeninyonyesha ni Maman Nzigire, jirani yetu kule Bukavu. Ukinipa karatasi leo, nitaandika nani?"

"Maman, si kwamba sikuamini..."

"Basi uliza. Uliza mwenye alizaa."

Akawataja wote watano, siku na mzazi, bila kufungua daftari. Daktari wa mifugo alikuwa amemkagua kila kondoo siku aliyozaa, na tarehe zake zilikuwa kwenye karatasi ya Gisa ambayo Mukankusi hakuwahi kuiona. Gisa akaifuata kwa kidole. Namba mbili, tarehe kumi na mbili: sawa. Wa pili sawa, wa tatu sawa. Kwa wa nne Mukankusi alisita, kisha akakumbuka. "Ilikuwa ubatizo wa mutoto wa jirani Umuhire. Jumapili." Karatasi nayo ilisema Jumapili. Wa tano, sawa.

Gisa akairudia mistari yake. Ule wa namba kumi na nne ulikwenda sambamba na wa wanakondoo wa kienyeji mpaka alipoachishwa ziwa, kisha ukachomoka, ukawafuata ndugu zake wa Dorper.

"Maman, njoo uone! Hapa anakua kwa maziwa ya namba sita. Hapa anakua kwa damu ya namba mbili. Watano ni wachache, lakini bila wao nisingepata hata pa kuanzia kutenganisha maziwa na damu."

"Sasa daftari linaenda?"

"Linaenda. Lakini tuigawe hii safu."

Akalikata neno Mama, akaandika safu mbili: Aliyezaa, na Aliyenyonyesha. Mukankusi akainama, akasoma herufi kwa herufi, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Neno la kwanza, Aliyezaa, aliliacha. La pili alilikata, na juu yake, kwa herufi zake kubwa zilizolala upande, akaandika tena: Mama.

"Wakubwa wangu wataelewa?" Gisa akauliza.

"Kama balinyonya, bataelewa."